Kampuni ya Mama Sada Inatafuta Jina

Jumatatu, 1 Septemba

Vitunguu vimekwisha kumenywa. Macho yanawasha, naandika hivyohivyo. Daftari hili ni la oda za wateja, lakini kurasa za nyuma ni zangu. Asiyehusika asifunue.

Harusi ya Jumamosi kule Kiriri, mtaa wa matajiri, ilikwenda vizuri. Watu wa Kiriri wanakula kidogo mbele ya wageni, halafu wanamtuma dereva jikoni na sahani iliyofunikwa. Masufuria yote matano yamerudi matupu. Nimeyasugua kwa majivu mpaka mkono umekufa ganzi.

Nilikuwa bado nasugua Goreth alipoingia anakimbia. Goreth hakimbii. Alikuwa karani wa shule miaka mingi, anatembea kama mtu anayebeba mitihani. Tunapika pamoja mwaka wa sita sasa: mimi moto, yeye makaratasi na Kifaransa. Mkononi alishika barua ya hoteli moja ya Kibenga, pale ufukweni. Meneja wao alikuwa kwenye ile harusi. Alikula pilau yangu. Anataka tuwapikie chakula cha mchana cha watu wa semina, siku tatu kila wiki, kuanzia Oktoba.

Sharti ni moja. Hawataki mtu binafsi. Wanataka kampuni iliyosajiliwa, yenye cheti na kashe, ule mhuri wa kugonga chini ya karatasi. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa, tarehe 19.

Miaka ishirini na mitatu napika kwa makaa, uani kwangu hapa Buyenzi. Leo naambiwa niwe kampuni. Nimefurahi hadi nimesahau chumvi kwenye maharage ya jioni. Baba Sada, mume wangu, amekula kimya. Nimempenda kwa hilo.


Jumanne, 2 Septemba

Jina. Goreth anasema huwezi kuandikisha kampuni bila jina, na jina linapelekwa kwanza peke yake, ofisi ya usajili ilikague, ilikubali, ndipo mengine yafuate. Sikujua. Nilidhani unaandika tu.

Alikuja na orodha ya Kifaransa, majina kumi. Yote yana ziwa, ladha au malkia ndani yake. Moja nilijaribu kulitamka nikashindwa njiani. Nikamwambia mteja wa soko hawezi kuagiza kitu ambacho mdomo wake haukifikii. Akanuna. Nami nikapendekeza Sufuria Tano, akasema tukinunua la sita itabidi tusajili upya.

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Halafu tukatazamana, maana jina lilikuwepo siku zote. Mama Sada.

Nilipojifungua binti yangu Sada, kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kunipa jina. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita vingine. Mume, mama mkwe, muuza makaa, hata imamu. Wali wangu ni wali wa Mama Sada. Harusi ikikosa Mama Sada, watu wanaulizana kama kuna haja ya kwenda. Mtaani kwetu tuko akina Mama Sada watatu, lakini mwenye masufuria ni mmoja.

Jina zuri. Jina langu. Nimelala usingizi mzuri mchana, saa nzima.


Alhamisi, 4 Septemba

Maulidi. Nimepika tangu alfajiri, moshi umeniingia hadi kwenye nywele. Baba Sada ameondoka na lori lake kwenda Kigoma, hatarudi kabla ya wiki mbili.

Nimefanya jambo. Nimepita kwa fundi wa kudarizi, nimeagiza aproni kumi na mbili. Kijani, uzi wa njano, kifuani MAMA SADA. Goreth alikuwa ameniambia nisubiri ofisi ijibu. Sikusubiri. Mimi nikifurahi miguu inatangulia.


Jumatatu, 8 Septemba

Wamekataa.

Tuliingia ofisini tukiwa watu wa kwanza. Goreth kavaa viatu vyake vya kwendea ubatizo. Mimi kitenge kipya. Afisa ni kijana mpole, shati limepigwa pasi, anaongea polepole. Akaandika jina kwenye mashine yake, akasema halijachukuliwa. Nikamfinya Goreth paja.

Halafu akauliza Sada ni nani. Nikasema ni mimi. Akatazama kitambulisho changu, akasema hapa imeandikwa Hamisi Zuhura. Nikasema ndiyo, la baba mbele, langu nyuma, lakini hayo ni ya kwenye kitambulisho tu. Sada ni binti yangu. Akauliza kama Sada ni mshirika kwenye kampuni. Hapana. Yu hai? Alhamdulillahi, mzima kabisa. Mtu mzima? Miaka ishirini na mitatu.

Basi lazima aandike barua kwamba amekubali jina lake litumike, atie saini, aambatanishe na nakala ya kitambulisho. Jina la mtu aliye hai ambaye hayumo kwenye kampuni haliandikwi bila ruhusa yake.

Nikamwambia nimemzaa mimi na jina nimempa mimi. Akasema anaelewa, mama, lakini ukishalitoa ni lake.

Goreth ananiambia ni jambo dogo, saini moja tu, nusu saa. Goreth hajui yote. Kwangu si nusu saa.


Jumanne, 9 Septemba

Niandike ukweli, hakuna anayesoma.

Sada hajakanyaga hapa tangu mwaka jana. Alipopata kazi ya maabara kwenye zahanati moja ya Gihosha nilimwambia vizuri, afanye kazi yake lakini Jumamosi aje jikoni, masufuria haya ni yake. Akasema hayataki. Alisema hivyo mbele ya shangazi zake. Nami mbele ya shangazi zake nikasema mtoto asiyetaka moto wangu asitake na mlango wangu.

Nilisema. Nilikuwa na mwiko mkononi.

Akahama wiki ileile. Idi kubwa alileta kitambaa kizuri kwa mkono wa baba yake, mwenyewe hakuja. Nikatuma sambusa. Sambusa zilifika, mimi sikufika. Ndiyo tumeishi hivyo, kwa vifurushi.

Na sasa naenda kuomba saini.


Jumatano, 10 Septemba

Mabasi hayakuwa na mafuta. Nimepanda kilima cha Gihosha kwa miguu, na mimi si mwembamba.

Chumba cha Sada kisafi. Kitanda, meza, vitabu, koti jeupe la kazi kwenye msumari. Hakuna harufu ya kitunguu hata kidogo. Kwenye rafu nimeona chupa ya pilipili yangu, ile ninayoisaga mwenyewe, imebaki nusu. Atakuwa alipewa na baba yake kwa siri.

Alinipa chai na mkate. Nikamweleza yote, hoteli, Kibenga, semina, ofisi, tarehe. Nilieleza kwa furaha, hata mikono ilikuwa inaruka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitabasamu niliposimulia meneja alivyorudia sahani. Nikaweka karatasi mezani na kalamu juu yake.

Hakuigusa kalamu.

Akasema, "Mama, kila fasi minaenda banaulizaka wali yako. Ku masomo ilikuwa vile, ku kazi ni vile, hata ku mazishi. Mi niko mutu, siko sufuria."

Nikasema ni heshima hiyo, watu kukujua.

"Banajua we. Mi bananijua kwa harufu." Halafu polepole zaidi, "Batu bakuite Mama Sada, sikatai, ni vizuri. Lakini ku karatasi ya serikali, apana. Siku moja mutauza, mutagombana, batu batashtakiana, na jina itakuwa yangu. We uko na jina yako, mama."

Nikamuuliza, "Yangu nani anaijua?"

Akanimiminia chai nyingine.

Nimekasirika. Nimeshuka kilima kizima nimekasirika. Mtoto niliyembeba mgongoni huku nakoroga uji wa matanga ananinyima herufi nne. Nimefika nyumbani nimegundua bado nimeshika kipande cha mkate.


Ijumaa, 12 Septemba

Zimebaki siku saba.

Goreth amempigia afisa simu na majina mengine. Baraka limechukuliwa. Neema limechukuliwa. Ladha, Amani, Karibu, yote yana wenyewe. Mji huu mzima umekwisha jiandikisha sisi tukiwa tunamenya vitunguu. Goreth akarudi kwenye Kifaransa chake. Nikasema nikiitwa hivyo nitajifunika uso. Akasema basi nichague mwenyewe, maana yeye amechoka kubembeleza sufuria. Tumegombana vizuri, kwa sauti. Halafu tukala mandazi.

Meneja wa hoteli naye amepiga. Anauliza kama Mama Sada atakuwa tayari. Hivyo ndivyo alivyosema: Mama Sada. Nikasema atakuwa tayari.

Aproni zimekuja. Kumi na mbili, zimepigwa pasi. Zinang'aa. Nimezifungia kabatini nisizione.


Jumapili, 14 Septemba

Kwenye kopo la biskuti mna vyeti vyote vya nyumba hii. Chini kabisa nimekuta nakala ya kitambulisho cha Sada, ile aliyotumia kuingia chuo. Sikuwa naitafuta. Uongo. Nilikuwa naitafuta.

Nimeandika barua. Mimi Sada fulani nakubali jina langu litumike. Mistari mitatu. Halafu saini.

Saini yake naijua kuliko mtu yeyote. Herufi S nilimfundisha mimi, kwenye sinia la unga, kwa kidole chake, kabla hajaanza shule. Anaipinda chini kama mkia wa paka. Mara ya kwanza nimekosea, ya pili pia. Ya nne imetoka yake kabisa.

Nimeitazama mpaka wino umekauka. Najiambia si wizi, ni jina nililolitoa mimi, ni la kuazima tu, akiona kampuni imesimama atafurahi. Maneno hayo hayakai. Nimeitia barua kwenye bahasha.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Goreth kwamba Sada ametia saini. Akanikumbatia mbele ya muuza makaa. Akasema jana kanisani aliwasha mshumaa kwa ajili yetu, mimi na binti yangu. Sikujua nitazame wapi.

Furaha ipo, siwezi kukana. Nimekwisha panga chakula cha wiki ya kwanza kichwani. Pilau, samaki mukeke wa kukaanga, mboga za lengalenga, matoke. Naona meza zile za kando ya maji, naona vitambaa vyeupe. Halafu naiona S yenye mkia, na meza zinapotea.

Kesho naenda peke yangu. Goreth ana mazishi ya jirani.


Jumanne, 16 Septemba

Leo lazima niandike yote. Nikiacha kitu sitaamini mwenyewe baadaye.

Nilifika saa mbili na nusu. Nikatoa kitambulisho dirishani, mtu wa mapokezi akaandika kwenye orodha yake, akasema kaa mama, utaitwa. Nikakaa. Bahasha kwenye pochi, pochi kwenye mapaja, mikono juu ya pochi. Benchi limejaa. Mwanamume anayesajili kampuni ya matofali. Wasichana wawili wa programu za simu, wanacheka kila kitu. Mama mmoja wa maziwa.

Niliwaza nitakavyomwambia afisa. Nitampa barua kimya, nisimtazame. Nilisoma dua ninazozijua, halafu nikaona aibu kuzisoma kwa kazi kama ile.

Watu wakaitwa. Wa matofali akaingia akatoka anatabasamu. Wasichana wakaingia. Kuna wakati dirishani wakaita, "Hamisi Zuhura." Hakuna aliyesimama. Wakaita tena. Nikageuka kutazama nyuma, nione ni mzembe gani huyo anayechelewesha watu. Mama wa maziwa naye akageuka. Wakaita mara ya tatu, na mimi, mimi mwenyewe, nikamwambia yule mama wa maziwa kwamba bila shaka huyo Zuhura amekwenda kunywa chai, watu wengine hawana adabu ya foleni. Akanikubalia.

Wakaendelea na wengine.

Saa sita wakafunga kwa chakula. Nikarudi mchana, nikakaa palepale. Saa tisa na nusu benchi lilikuwa tupu, nimebaki mimi na pochi yangu. Nikaenda dirishani kwa hasira, nikasema nimekaa tangu asubuhi, hamniiti, ni kwa sababu nimevaa kitenge? Mtu wa mapokezi akachukua orodha, akaweka kidole. Hapa, mama. Umeitwa mara tatu. Hukuwepo.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa pale na jina langu linapita juu ya kichwa changu, na mimi nalitukana.

Sikumbuki nilivyotoka. Nimekaa kwenye ngazi za nje. Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka, mpaka mlinzi akaniletea maji. Nilimtafuta yule Zuhura kichwani. Alikuwa msichana mwembamba, anajua kupanda mwembe, anaimba madrasa kuliko wote. Mara ya mwisho kuitwa alikuwa na miaka kumi na tisa, tumbo mbele. Halafu Sada akalia, na mimi nikanyamaza.

Sada hakunichukulia jina. Mimi ndiye niliyelala ndani ya lake, miaka yote hii, na juzi nikamwandikia saini ili niendelee kulala.

Nimepiga simu Kigoma. Nikamuuliza mume wangu, "Baba Sada, mi naitwa nani?"

"Mama Sada," akasema. Nikangoja. Nilisikia injini ya lori. Halafu akasema, "Zuhura. Kuna nini, kuna mutu amekufa?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyekufa. Aliniita tena, mara mbili, kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli la zamani. Ilinipendeza, nisiseme uongo.


Jumatano, 17 Septemba

Barua nimeichoma kwenye jiko, chini ya maharage. Nakala ya kitambulisho nimeirudisha kwenye kopo.

Kisha nimekwenda kwa Goreth nikamwambia. Ilikuwa mbaya. Hakupiga kelele, kelele ningeziweza. Alikaa chini akavua miwani.

"Ungetufungisha, Mama Sada," akasema. "Na mi niko ku ile karatasi. Niko na batoto."

Nikasema samahani. Nimesema mara nyingi. Alisafisha miwani isiyokuwa chafu. Mwishowe akauliza basi sasa tunaandika nini, zimebaki siku mbili.

Nikasema Zuhura. Nilisema chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akasema jina hilo alilijaza kwenye fomu wiki iliyopita, akadhani ni la bibi yangu mpaka afisa alipolisoma. Nikamwuliza kama angependa na lake liwemo, Zuhura na Goreth. Akasema hapana, la kwake limechoka, lilikaa miaka ishirini chini ya barua za shule. Lakini alicheka. Nikajua tutapona.

Tumekwenda pamoja, tumetembea haraka. Afisa yuleyule, shati jingine. ZUHURA MAPISHI, na zile herufi SPRL mwishoni zinazoonyesha ni kampuni. Akaandika kwenye mashine. Nilishika meza. Akasema hakuna aliyelichukua.

Bila shaka hakuna aliyelichukua. Hata mimi sikuwa nalitumia.

Akauliza Zuhura ni nani, yu hai, amekubali? Nikasema ni mimi, yu hai, amekubali. Akanipa kalamu. Saini imetoka ya mtoto wa shule. Akasema inatosha.


Alhamisi, 18 Septemba

Kanuni za kampuni zimetiwa saini. Kurasa nyingi, kila ukurasa saini ndogo pembeni. Kufikia wa mwisho Z yangu ilikuwa imepata mwendo. Nimeanza kuipenda. Ina kona kali.

Nimemtumia Sada ujumbe. Niliandika mrefu nikafuta. Nikaandika mwingine nikafuta. Mwishowe nikatuma, "Nimeandika langu." Ile ya saini nitamwambia ana kwa ana, si kwa simu.

Alijibu baada ya dakika kumi. "Vizuri." Basi. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko barua ya hoteli.


Ijumaa, 19 Septemba

TUMEPATA.

Saa nne na robo. Walipoita "Hamisi" nilikuwa nimekwisha simama, "Zuhura" ilinikuta dirishani. Mama wa maziwa alikuwepo, naye amekuja kuchukua cheti chake. Akanitazama, akatazama dirisha, akaelewa. Amecheka mpaka akashika ukuta. Nimempa namba yangu, nitanunua maziwa kwake.

Cheti kina mhuri wa mviringo. Jina katikati, herufi kubwa. Goreth amekisoma kwa Kifaransa, kisha Kirundi, kisha Kiswahili, akatafuta lugha ya nne akakosa. Kashe yetu tumeichongesha palepale mjini. Tumeijaribu kwenye bahasha, kwenye risiti ya mandazi, na kwenye mkono wangu.

Tulifika Kibenga kabla ya adhuhuri, miguu imevimba, karatasi hazina hata mkunjo. Meneja akasoma. Akakunja uso, akauliza na Mama Sada yuko wapi. Nikasema umemshika mkono. Akaangalia jina tena, akasema ni zuri, na mkataba utaandikwa hivyo.

Ziwa lilikuwa limetulia. Goreth alitaka tupige picha. Nimetoka nimefumba macho, lakini nacheka. Nimefurahi, nimefurahi, nimefurahi. Naandika mara tatu kwa sababu Jumanne niliitwa mara tatu.


Jumapili, 21 Septemba

Mvua ya kwanza asubuhi. Uani kunanukia vumbi lililoloa.

Sada amekuja. Hakusema anakuja. Alisimama mlangoni na mwavuli, nikamwambia ingia, chai ipo. Nilimwonyesha cheti. Alikisoma chote, hata maandishi madogo.

Kisha nikamwambia habari ya saini. Yote, mpaka ile ya nne. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Akauliza kama S ilikuwa na mkia. Nikasema ilikuwa nao. Hakunisamehe kwa maneno, lakini hakuondoka.

Baadaye alifungua kabati kutafuta taulo, akaziona aproni. Akatafuta wembe kwenye sanduku la nyuzi, akakaa kwenye kigoda kando yangu, akaanza kufumua jina lake, uzi kwa uzi, taratibu, kama anavyofanya kazi zake za maabara. Limebaki MAMA peke yake. Amesema linatosha. Amemaliza saba, amesema zilizobaki Jumapili ijayo.

Jikoni hakuingia, na sikumwambia aingie. Amekula sahani mbili.

Adhuhuri jirani ameita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mama Sada!" Nikaitika. Alikuwa anataka moto wa kuwashia jiko. Amemtuma shemeji yake, mgeni kutoka Rumonge, asiyetufahamu. Alipomwona msichana na wembe na nyuzi za njano mapajani akamsalimia, akamuuliza yeye ni nani wa hapa.

"Mi ni mutoto wa Zuhura," Sada akasema, akaendelea kufumua.

Mimi nilikuwa nachagua mchele. Sikuinua kichwa. Ulikuwa na mawe mengi.